Shika Sita, Shusha Saba

Mwanangu Aika,

Shangazi yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha, na kutomwamini mtu yeyote atakayejitolea kukubebea begi. Ameyasema vizuri na ameyarudia, kwa hiyo sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu, nami nimekaa nalo miaka saba. Linahusu ile kadi ndogo ya kipaza sauti cha duka, mnayoiita memori, iliyokuwa na sauti ya mama yako. Umeishi ukiamini kwamba uliiharibu wewe. Hukuiharibu. Nitakueleza yote kabla hujapanda treni kesho, lakini naomba nianze mbali kidogo. Nikianza na tendo lenyewe utaliona tendo tu, wala hutaona jinsi mtu mwenye akili timamu anavyolifikia.

Leo nyumba ni yangu peke yangu. Wewe uko kanisani unaaga kwaya, na ukitoka huko utapita kusukwa, basi nina muda mpaka jioni. Sanduku lako liko mlangoni, limekwisha kufungwa. Dirisha liko wazi. Unajua Kariakoo inavyokuwa siku za kazi: vipaza vyote vinaita kwa pamoja, viatu huku, mapazia kule, sufuria, chaja za simu, mpaka mtu hasikii redio yake mwenyewe. Leo Jumapili maduka yamefungwa na ninasikia maji yakidondoka kwenye ndoo ya jirani. Watu wa jengo hili huipenda Jumapili kwa utulivu huo. Mimi huwasha redio. Umewahi kuniuliza kwa nini naisikiliza kwa sauti ya juu siku ambayo hakuna kelele, nikakujibu kwamba masikio yangu yamezeeka. Masikio yangu ni mazima.

Ijumaa iliyopita nilikuwa napanda ngazi na mkate mkononi. Wewe ulikuwa umekaa ghorofa ya pili na watoto wa majirani, unawafundisha ule mchezo.

"Dada Aika, sema wewe kwanza!" walikuwa wakipiga kelele.

Ukaanza polepole, kisha ukaongeza mwendo. "Mashuka safi sita, mashati safi saba. Shika sita, shusha saba, shusha shita, sika..." Ukakwama. Ukacheka, mkono kifuani.

"Umechemka!" akasema yule mdogo wa ghorofa ya tatu. "Dada Aika kachemka!"

"Nimechemka, ndiyo. Ulimi huo! Haya, njoo useme wewe."

Hukujua kwamba nilikuwepo. Nilishuka tena mpaka mtaani, nikalizunguka jengo mara mbili na mkate wangu, mpaka muuza maji mmoja akaniuliza kama nimepotea. Aika, ulikwama mahali palepale. Ulicheka kicheko kilekile. Hata maneno yalikuwa ya mama yako. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano alipotutoka, na sikujua kwamba mtu anaweza kurithi kosa la mwenziwe kwa ukamilifu namna hiyo. Nilipokuwa nazunguka jengo ndipo nilipoamua kwamba hutaondoka Dar es Salaam na uongo wangu ndani ya sanduku lako.

Labda hukumbuki maneno yale yalivyoanza. Hayakuwa mchezo. Ulikuwa na miaka saba, na baada ya shule ulikuwa ukimsaidia mama yako dukani. Yeye anapanda ngazi ya mbao mpaka kwenye rafu ya juu, wewe unasimama chini na mikono umeinyoosha. Mteja akitaka mashuka sita na mashati saba, mama yako anaita kutoka juu, "Shika sita!" Nawe unashika. "Nashusha saba!" Nawe hujamaliza kuyaweka yale ya kwanza. Siku moja wateja walikuwa wengi, akaita haraka haraka, ulimi ukateleza, akasema "shusha shita," na nyinyi wawili mkacheka mpaka mashati yakaanguka sakafuni. Tangu siku hiyo yakawa maneno ya duka.

Kisha akaweka zawadi. Atakayesema yote mara tatu bila kukosea apewe taulo dogo la uso. Nakumbuka wale vijana wanaotembeza bidhaa mabegani, walivyokuwa wakisimama katikati ya njia na mizigo yao.

"Mama Aika, leo taulo nalichukua!"

"Taulo lipo, mwanangu. Sema."

"Shika sita, shusha saba, susha..."

"Rudi nyumbani ukafundishwe kuongea!"

"Aa, mama, hii ngumu bana. Haya, sema wewe mwenyewe!"

Naye alikuwa anasema. Hakuwahi, katika miaka yote ile, kufika mara ya pili bila kukwama. Walimwita Mama Shita. Bwana Kanti, jirani yetu wa duka la vitambaa, alikuwa akiacha mita yake juu ya kaunta na kuja kusimama mlangoni kusikiliza, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alijaribu kila wiki na hakulipata taulo.

Mimi nilikuwa nikipita dukani saa kumi, nimetoka shule, tai shingoni. Baadhi ya wateja wale walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. "Shikamoo, Mwalimu. Hebu tusaidie, mkeo ametushinda!" Niliitikia marahaba, nikapita nyuma ya kaunta na kufungua gazeti. Nilikuwa naona aibu. Nalitaja neno hilo kwa sababu nililificha chini ya maneno mengine mengi: nidhamu, ufasaha, heshima ya lugha. Ilikuwa aibu tu.

Nyumbani nilimwambia, "Unajidhalilisha."

"Kwa lipi? Kwa shita?"

"Kwa kosa ambalo unaweza kulisahihisha. Ni uzembe wa ulimi."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakukasirika. Alisema, "Si uzembe, Baba Aika. Panda ngazi siku moja ushushe mashati, utaona. Macho yamekwisha kufika kwenye saba, mkono bado uko kwenye sita. Ndiyo hivyo hivyo mdomo. Umetangulia kule unakokwenda."

Nilimwambia hiyo si hoja ya kisayansi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nimeandika ubaoni matamshi ya kila sauti, na katika miaka hiyo sikuwahi kusikia maelezo bora kuliko hayo aliyonipa na kisu cha ndizi mkononi. Baada ya kifo chake nilikaa mbele ya kioo cha bafuni nikajichunguza. Kwa sauti ya *s* ncha ya ulimi iko karibu na ufizi. Kwa *sh* ulimi unarudi nyuma, kiasi cha punje ya mchele, basi. Mwambie mtoto aseme "sita", atasema. Mwambie aseme "shika", atasema. Hakuna neno gumu hata moja pale. Ugumu uko katika ujirani wao: yanafanana mno na yanabadilishana nafasi, na akili inayatuma mbele kabla ya wakati, basi lile linalokuja linalikanyaga lililopo. Mtu mjinga hakwami zaidi ya mtu msomi. Anayekwama ni yule mwenye haraka, na yule anayesikilizwa na mtu anayemwogopa. Hilo la pili nililijua darasani kwangu kila Jumatatu, nilipowasimamisha watoto mmoja mmoja na vitanza ndimi vyangu, na aliyekosea akabaki amesimama mpaka kengele. Niliona midomo ikikauka kabla haijafunguka. Niliita hali hiyo kutojiandaa.

Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mwalimu wangu wa Marangu alitusemesha mpaka tukalia, nami nilikuwa wa kwanza kutokukosea. Nilipofika chuoni huku pwani wenzangu waliigiza lafudhi yangu ya mlimani wakati wa kula, kila siku, muhula mzima. Nikawa naamka kabla yao, nakwenda nyuma ya bweni, nasema vitanza ndimi taratibu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kufikia mwaka wa pili hakuna aliyekuwa na la kuigiza. Ndiyo maana nilidhani usahihi ni nyumba. Ukiingia ndani na kufunga mlango, hakuna atakayekucheka. Mama yako alikuwa anaacha mlango wazi, na watu wakacheka, na hakuna lililomdhuru. Jambo hilo sikuweza kumsamehe.

Sasa ile sauti. Fundi simu wa kona ile ndiye aliyemrekodi, ili asikaukiwe koo kwa kuita mchana kutwa. Mama yako alianza vizuri. Kwenye "shusha sita" akakwama kama kawaida, akacheka, akasema, "Ulimi huo! Njoo useme wewe!" Fundi akataka kurudia. Mama yako akakataa, akamwambia hiyohiyo ndiyo inayotakiwa. Ikawekwa kwenye kipaza juu ya mlango, na kwa miaka miwili mtaa mzima ulimsikia akikosea kila nusu dakika. Watu wa mikoani waliokuja kununua mzigo walikuwa wanaelekezwa, "Nenda moja kwa moja mpaka utakapomsikia mama anayecheka."

Alipolazwa kule Upanga shule zilikuwa zimefungwa, nikachukua duka. Wewe ulikuwa unashinda naye hospitalini. Siku ya tatu nikiwa peke yangu chini ya kile kipaza, nikamwita fundi. Nilimwuliza, "Nikibonyeza hapa nikarekodi, hii ya zamani inakwenda wapi?"

"Inafutika, Mwalimu. Nikuhamishie kwanza kwenye simu?"

"Haina haja."

Hayo ndiyo niliyosema, Aika. Nimeyarudia kwa miaka saba, na kila mara ni maneno mawili tu, mepesi, mtoto wa chekechea anaweza kuyatamka. Nikabonyeza. Nikasema mashuka safi sita, mashati safi saba, shika sita, shusha saba, shusha sita, shika saba. Nilisema mara tatu, kila sauti mahali pake. Fundi akasema, "Duh, Mwalimu, noma." Nami nikafurahi. Nataka ulijue hilo pia. Nilisimama mlangoni nikajisikiliza mpaka saa ya kufunga, nikadhani nimemfanyia jambo jema, kwamba akirudi atakuta duka lina adabu. Watu walipita. Hakuna aliyesimama.

Jioni ulikuja kuchukua nguo za mama yako, ukasikia sauti yangu, ukauliza ya mama iko wapi. Ulikuwa umeitoa ile kadi siku mbili kabla, ukaitia kwenye simu yako ili usikilize muziki, kisha ukairudisha. Nilikuwa nimekuona. Uliponiuliza, nilisema, "Kadi imegoma. Ulifanya nini nayo?"

Nilikuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Ulikuwa na mfuko wa nguo za mgonjwa mkononi. Uso wako ulibadilika palepale mbele yangu, na kinywa chako kikafunguka na hakikutoa neno, nami nikalitazama jambo hilo kama nilivyowatazama wale wa Jumatatu. Ningeweza kulirudisha swali lile kabla hujafika barabarani. Sikulirudisha.

Kesho yake ulinipigia simu. "Baba, mama anataka kusikia duka." Nilijua anachotaka kusikia. Nikainua simu juu, karibu na kipaza, nikaishikilia pale. Sauti yangu ikasema yote mara tatu. Nilipoirudisha simu sikioni mama yako akasema, "Umesema vizuri, Mwalimu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuniita Mwalimu. Nilikuwa Baba Aika, na kabla hujazaliwa aliniita kwa jina langu. Mwalimu walikuwa wananiita watu wa mtaani.

Unakumbuka jioni ile nilipokuja hospitalini. Ulikuwa umepiga magoti kando ya kitanda, unalia, unamwambia, "Mama, nimeharibu sauti yako." Mama yako aliweka mkono juu ya kichwa chako. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, niliyesimama miguuni pa kitanda, na akasema, "Wewe hukuharibu kitu, Aika." Wewe ulidhani anakufariji. Umelisimulia hilo mara nyingi kama mfano wa wema wake. Haikuwa faraja. Alikuwa anatoa ushahidi, na shahidi mwingine alikuwa chumbani, akanyamaza.

Kisha ukamwomba. "Sema tena, mama, nikurekodi." Akakubali. Hakuwa na pumzi. Akasema, "Shika sita," akapumzika. "Shusha saba," akapumzika. "Shusha sita." Tulingoja. "Shika saba." Alisema yote mpaka mwisho na hakukosea hata mara moja. Ilikuwa mara ya kwanza. Simu ilikuwa mkononi mwako na hukubonyeza. Baadaye ulinieleza kwamba yule hakuwa yeye. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba Mungu mtu akosee.

Asubuhi aliyofariki nilikuwa nimefungua duka na kuwasha kipaza. Ulipopiga simu niliteremsha mlango wa chuma, nikakimbia. Sikuzima kitu. Msiba ukakaa hapa nyumbani, ndugu wakaja kutoka Moshi, na hakuna aliyefikiria duka. Siku ya pili Bwana Kanti alikuja. Alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi, hakutaka kuingia mbele za akina mama waliokuwa wanaimba. Nikamfuata nje.

"Pole, Mwalimu. Pole sana. Nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Sauti yako bado inaita. Tangu jana asubuhi. Usiku pia mlinzi amesema inaita." Aliinamisha kichwa. "Mlango umefungwa, mwenye duka amefariki, na wewe unasema shika, shusha, shika, shusha. Watu wanapita wanaogopa, bana."

Nikampa ufunguo. Alirudi baada ya saa moja na ile kadi ameifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Akaniuliza, "Ile ya kwanza iko wapi? Ile anacheka?"

"Iliharibika," nilisema.

Alinitazama muda kidogo. Alikuwa mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote. Alijua kwa vidole kitu kilichochanika na kitu kilichokatwa. Akavaa viatu akaondoka. Hakuniuliza tena mpaka alipohamia kwa mwanawe, na kila tuliposalimiana nilikuwa nasubiri aniulize.

Ndiyo sauti ninayoisikia Jumapili. Siyo yake, mwanangu. Laiti ingekuwa yake. Watu hudhani mfiwa husumbuliwa na sauti ya marehemu. Mimi nasumbuliwa na yangu, inaita kwenye mtaa uliofungwa, haikosei, na kwa sababu haikosei haifiki kamwe pale penye kicheko. Inakaribia. Inafika "shusha", nami nangoja, kisha inapita salama na kuanza upya. Nimejaribu kuikwamisha. Nimefunga mlango wa bafuni nikajaribu kukosea kama yeye, shusha shita, sika saba, na siwezi. Nikikusudia kukosea, kinakuwa ni kitu nilichokisoma. Ulimi wangu nimeufundisha vizuri mno.

Kesho unakwenda Dodoma na kutoka huko Kondoa, kufundisha darasa la pili. Utakuwa na watoto ambao Kiswahili si lugha ya kwanza vinywani mwao, kama nilivyokuwa mimi. Wewe ni mwalimu bora kuliko nilivyokuwa. Nililiona Ijumaa kwenye ngazi. Ulikosea kwanza wewe, kisha ukasema, "Njoo useme wewe," na wote wakataka kusema. Hata yule wa ghorofa ya tatu, ambaye mbele yangu hajawahi kutamka zaidi ya shikamoo. Sina la kuongeza juu ya hapo. Ila utafika siku ambayo utakuwa umechoka, na mtoto mmoja atakuwa amesimama mbele yako na kinywa kikavu, na utajua ni nini kinachomkwamisha, na kuuliza "Ulifanya nini?" kutakuwa rahisi kuliko kusema kwamba ni wewe. Mimi nilishindwa mtihani huo mara moja kwa mtoto niliyempenda kuliko wote, na kushindwa huko nimekuachia wewe ukubebe. Najua umekubeba. Nilikuona kwenye mahafali yako unamsikiliza rafiki yako akipigiwa simu na mama yake. Najua kwa nini mpaka leo huazimi simu ya mtu wala kugusa chombo cha mtu chenye kadi ndani. Nimeona na nimejua na nimenyamaza, na sina maneno mazuri ya kulieleza hilo.

Nisamehe, Aika. Siandiki hivyo ili unijibu leo.

Ndani ya bahasha hii kuna kile kitambaa cheupe cha Bwana Kanti, na ndani yake ile kadi. Nilitaka kuivunja mara nyingi. Sikuivunja kwa sababu chini ya sauti yangu, sijui wapi, ilikuwako yake. Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani mwaka juzi, akajaribu siku mbili, akanirudishia na kusema hakuna kitu, mzee, imekwenda. Kwa hiyo ni sauti yangu tu iliyomo. Isikilize mara moja ukitaka. Kisha, ukifika darasani kwako, waweke watoto wako karibu, anza wewe kwa haraka kama ulivyoanza Ijumaa, na urekodi juu yake. Usihamishe kwanza ya zamani. Haina haja.

Kesho tutakuwa stesheni mapema, shangazi yako, wewe na mimi, na watu wengi pale kwenye foleni. Ukiwa umesoma barua hii, na ukiona inawezekana, niambie, "Baba, sema." Nitasema papo hapo, mbele ya watu, kwa haraka kadiri ninavyoweza, mara tatu, na mara nne, mpaka nikwame. Nikikwama, cheka. Kama hutaweza kucheka, au hutataka kunitazama, chukua sanduku lako upande. Nitasimama pale mpaka treni iondoke, na sitakudai kitu.

Giza halijaingia bado. Nasikia mtu anapanda ngazi, anasimama ghorofa ya pili, na watoto wanamfungulia milango. Wanakuambia useme. Nimezima redio.

Ni mimi baba yako, niliyeifuta.